Tembea Bagamoyo na Wanao

Jumamosi moja, yapata saa tisa alasiri, nilikuwa nimesimama na wageni wangu ndani ya makumbusho ya misheni pale Bagamoyo. Walikuwa watu kumi na tisa kutoka Dar es Salaam: akina mama sita wa jumuiya moja, baba watatu na watoto kumi. Tulikuwa tumefika mbele ya pingu na minyororo ya chuma. Nikaanza kueleza habari za misafara ya watumwa kama nilivyozoea. Mara mtoto mmoja wa kiume, wa miaka saba hivi, akaniuliza kwa sauti iliyojaa chumba kizima: "Bibi, hata watoto walifungwa hizi?"

Mama yake akamvuta mkono. "Hebu nyamaza, mwache bibi aongee!"

Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru kimoyomoyo kwamba amenyamazishwa. Nikaendelea na miaka na majina ya masultani, watoto wakaanza kukwaruza sakafu kwa viatu, na baba mmoja akatoa simu yake. Swali la yule mtoto likabaki pale pale lilipoangukia.

Akina mama wenzangu, kazi yangu ni kutembeza wageni, na tangu mwanangu wa mwisho aanze shule nimechagua kutembeza familia. Vijana wengi wa kazi hii hawazitaki. Mzungu mmoja mwenye kamera, wanasema, ana faida kuliko familia ya watu wanane yenye mtoto wa kubebwa, chupa ya uji na watoto wawili wanaotaka kwenda chooni kwa zamu. Ni kweli kazi ni nzito. Lakini mimi nimelea, na sioni ajabu kusimamisha historia ya karne saba kwa sababu mtu anataka kukojoa.

Bagamoyo ni kama kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, barabara ni ya lami, na familia inaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tatizo la wengi ni kwamba hufika saa tano, jua likiwa kali, wakataka kuona kila kitu kabla ya chakula. Baba huzunguka akisoma kwa sauti kila kibao kilichoandikwa, mama hukimbiza watoto, na jioni wote hurudi wamenuniana. Mimi huwaomba waondoke nyumbani saa kumi na mbili. Kila mama aje na kanga mbili za ziada, maji ya kutosha na kofia za watoto. Kanga moja ni ya kutandika, nyingine ya kujitanda tunapofika makaburini. Soda ziachwe kwenye gari, maana mtoto aliyekunywa soda kabla ya saa nne hasikilizi habari za mtu yeyote.

Tunaanzia Kaole, kilometa tano hivi kusini mwa mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi 22 ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Zamani nguzo hizo zilipambwa kwa mabakuli ya kutoka China. Watoto hupenda kutafuta alama za mviringo mahali mabakuli yalipokaa. Huwaambia: bakuli limesafiri baharini kutoka China, limepita kwenye dhoruba, halikuvunjika, likaja kupachikwa kwenye kaburi la mtu wa hapa. Akina mama ndio hushtuka zaidi kuliko watoto, kwa sababu wanajua bakuli la nyumbani linavyokaa wiki mbili tu.

Kwenye makaburi hakuna kupanda wala kukimbia. Liko moja ambalo watu huliendea kuomba dua hata leo, na sisi wageni hatuna ruhusa ya kucheka imani ya mtu kwenye kaburi la mzee wake. Hilo nalisema mara moja tu, tena nawaambia wakubwa mbele ya watoto. Mtoto akimwona baba yake anapunguza sauti, naye hupunguza.

Kisha nawapeleka upande wa mikoko na kuwauliza: bandari iko wapi? Wanatazama huku na huku. Hakuna bandari. Matope na mikoko viliijaza, bahari ikasogea mbali, vyombo vikashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mtoto wa miaka mitano anaelewa jambo hilo kuliko tarehe yoyote. "Bahari iliondoka," wanasema, na njia nzima ya kurudi garini wanabishana ilikwenda wapi. Tukiwa na muda, tunapumzika chini ya mbuyu wa pale, ambao umri wake unasemekana kupita miaka 500. Watoto wanashikana mikono kuuzunguka, na sijapata kundi lililoutosha bila kuwaita akina baba.

Mjini hatukai sana. Tunaiona Ngome Kongwe, iliyojengwa mnamo mwaka 1860 na baadaye kutumiwa na Wajerumani kisha Waingereza. Tunapita Boma la Wajerumani la mwaka 1897, ambalo sehemu yake iliporomoka kwa mvua kubwa za mwaka 1998. Nawaambia kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na hapo nanyamaza. Majengo ya serikali hayana mengi ya kumpa mtoto. Kinachomfaa mtoto ni mzigo.

Misafara iliyoingia mji huu kutoka Ujiji na Tabora ilibebwa vichwani na mabegani. Kutoka Tabora tu ni karibu kilometa 800 kwa miguu. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi ile kwa ujira. Basi nachukua begi zito kuliko yote ya familia, lile lenye vyakula, nawapa watoto walibebe kwa zamu kutoka kwenye gari hadi kwenye kivuli. Kabla ya hatua mia moja wameliweka chini. Nawauliza, miezi mitatu mngeweza? Halafu nawaeleza jambo ambalo vitabu vya shule vilinificha mimi: wanawake nao walikuwamo katika misafara ile, na vyungu vyao, na watoto mgongoni. Jua likizama, wapagazi wameketi, wao ndio walioanza kuwasha moto. Sijawahi kusema habari hiyo mbele ya akina mama bila mmoja kuguna.

Hapo ndipo ninapolieleza jina la mji. Wapo wanaosema Bagamoyo ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo wako hapa, kwa maana ng'ambo ya maji hakuna kurudi. Wapo wanaosema ni pumziko la mpagazi: tua mzigo, uburudishe moyo, safari imekwisha. Wanahistoria walioandika habari za wapagazi huegemea maana hii ya pili. Mimi nawapa watoto zote mbili, kwani miguu ya aina zote mbili ilikanyaga mchanga huu, na neno moja liliweza kusikika tofauti katika masikio mawili.

Sasa niwasimulie jambo lililonipata miaka michache iliyopita, ambalo lilibadili namna yangu ya kufanya kazi. Nilipokea familia mbili za majirani, waliozoeana hata kuazimana sufuria za shughuli. Moja ilikuwa ya Wakristo, nyingine ya Waislamu wenye asili ya Kiarabu. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu walimiliki misafara mingi. Msichana wa miaka kumi wa familia ya kwanza akamgeukia rafiki yake akasema: "Kumbe babu zenu ndio waliowauza babu zetu!"

Wale mama wawili wakatazama chini. Hakuna aliyemkemea mtoto, maana angemkemea kwa kosa gani? Alirudia alichokisikia kwangu. Nilikuwa nimesema kweli, lakini nilikuwa nimesema robo yake.

Nikawatoa nje, nikaomba kamba ya kufungia mizigo garini. Nikawasimamisha watoto kwa mstari. Wa kwanza nikamwambia, wewe ni mtawala wa bara aliyeteka watu vitani na kuwauza. Wa pili, wewe ni mfanyabiashara wa pwani, Mwarabu au Mswahili. Wa tatu, wewe ni tajiri wa Kihindi wa Unguja unayekopesha fedha za msafara. Wa nne, wewe ni nahodha. Wa tano, wewe ni mzungu wa kiwanda, mathalani kule Connecticut nchini Marekani, ambako upo mji uitwao Ivoryton, jina lililotokana na pembe za ndovu. Unazitaka pembe hizo ili utengeneze vibao vya kinanda. Wa sita, wewe umekaa sebuleni mbali kabisa, unapiga kinanda, wala hujui pembe imetoka wapi na nani alitembea nayo. Kila mmoja ashike kamba.

Yule msichana akaitazama kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mbona kila mtu ameshika?" akauliza.

Sikuwaambia kwamba wote walikosa sawasawa, kwa sababu haikuwa hivyo. Aliyeshika mjeledi na aliyepiga kinanda hawalingani. Wala sikufuta neno nililolisema juu ya Waarabu. Niliwaambia tu kwamba kamba ilikuwa ndefu, na kwamba kati yetu tuliosimama pale hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa hai siku zile. Wakati wa kuondoka wasichana wale wawili walikuwa wakigombea kiti cha dirishani kama walivyogombea asubuhi. Kamba ninayo hadi leo, inakaa kwenye mkoba wangu pamoja na dawa ya kidonda.

Huenda mtauliza, kwa nini basi nilimkwepa yule mtoto wa pingu, mimi mwenye kamba mkobani? Nitasema. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na bidii mno. Nilieleza mateso ya msafara mbele ya watoto wadogo kama nilivyoyasoma, bila kuacha kitu. Baada ya wiki mama mmoja alinipigia simu. Binti yake, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa hataki kulala peke yake, na kila mlango ukigongwa usiku alijificha uvunguni. Mama yule hakunitukana. Aliniuliza tu, "Wewe nawe si mzazi?" Tangu siku hiyo nikaenda upande wa pili. Mbele ya pingu nilisema "mambo ya kusikitisha" na kupita haraka. Watoto hawakuota ndoto mbaya, lakini pia hawakutoka na kitu.

Turudi Jumamosi ile. Tulitoka makumbusho tukaenda kwenye mbuyu wa misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa kutoka Unguja mwaka 1868, na mbuyu huo ni wa enzi zao. Kwenye shina lake hutokeza kipande cha mnyororo. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa aliyefanya kazi misheni alikuwa akimfunga punda wake pale. Mnyororo ukasahauliwa, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Kwa kawaida hapo watoto huchangamka, kila mmoja anataka kuugusa. Yule mtoto hakusogea. Alisimama nyuma ya mama yake, akiutazama ule mnyororo mtini.

Nikaelewa. Kwake yeye minyororo yote ilikuwa mmoja.

Nikaketi kwenye mzizi, nikamwita. "Uliniuliza swali kule ndani, nami sikukujibu. Ndiyo. Hata watoto walichukuliwa."

Mama yake akanitazama, lakini safari hii hakumvuta.

Nikamweleza kwamba huu wa mtini ulikuwa wa punda, na zile za ndani zilikuwa za watu, na kwamba vilevile kulikuwa na watu walioona ni jambo baya wakalipinga. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini, ingawa wapo waliowapitisha kwa siri miaka mingi baadaye. Hapa misheni mapadre walipokea watu waliokombolewa, wakubwa kwa wadogo, wakawaanzishia kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Walipewa nyumba na shamba, wakaoana na kulea. Huwa sifichi pia kwamba maisha ya pale yalikuwa ya kengele na amri nyingi, na watoto walifanya kazi za shamba pamoja na masomo. Uhuru wao haukufanana na huu mnaoujua ninyi, niliwaambia, lakini mlango haukugongwa usiku.

"Wewe uliwaona?" akaniuliza.

Kicheko kikawatoka wakubwa. Nilitaka kucheka nami. Badala yake nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema kazini. "Mimi sikuwaona. Lakini mama yake bibi yangu alikuwa mmoja wao."

Nyumbani kwetu habari hiyo haikuzungumzwa. Bibi akiulizwa kabila lake alijibu, "Sisi ni watu wa misheni," na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa na mama yangu, tukichambua mchicha, kwamba bibi mkubwa aliletwa mtoto, hakujua jina la kijiji chao, na lugha ya kwao aliikumbuka kwa wimbo mmoja tu wa kubembeleza. Nilitembeza wageni miaka yote hiyo mbele ya zile pingu na sikumtaja hata siku moja. Nadhani niliona aibu, ingawa sikujua ninamwonea aibu nani.

"Alikuwa na miaka mingapi?" mtoto akauliza.

"Hakuna aliyejua. Ila alipofika jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka, la pili halijaota. Basi wakahesabu ni wa miaka sita au saba."

Mtoto akapeleka ulimi kwenye pengo lake mwenyewe. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaja akagusa mnyororo wa punda kwa kidole kimoja.

Kituo cha mwisho ni mnara wa kanisa la kwanza. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Alifariki mwezi Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi, wakaufunga kwa gome la mti, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500 hadi pwani. Majina ya Chuma na Susi yanajulikana, na hao wawili hata walipelekwa Uingereza. Mimi huongeza la Halima, mpishi wake, aliyefuatana na mwili ule hadi pwani. Hakupelekwa popote. Mama mmoja katika kundi letu aliliandika jina hilo nyuma ya bahasha.

Binti mkubwa wa kundi, wa kidato cha kwanza, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Kwa hiyo huyu hakubwaga moyo Bagamoyo. Aliubwaga kule kule." Miaka yote hiyo ya kazi, na sikuwahi kuliona hilo mimi.

Tulimalizia ufukweni. Hapo nawasihi wazazi waulize maji yanajaa au yanakupwa kabla ya kuwaachia watoto, kwani yakikupwa huenda mbali sana na watoto huyafuata wakiokota kombe, na yakirudi hayasubiri mtu. Tulinunua samaki wa kukaanga na mihogo pale penye soko la samaki, tukatandika kanga, tukala kwa mikono. Majahazi yalikuwa yamelala ubavu kwenye mchanga. Mama wa yule mtoto akaja kuketi karibu nami, akanimegea samaki wake, akaniuliza kama naukumbuka ule wimbo wa bibi mkubwa.

Nilimwambia mama yangu anaukumbuka nusu. Akaniuliza kama naweza kumwimbia hiyo nusu. Mtoto alikuwa amelala na kichwa chake miguuni kwake, mdomo wazi, mchanga mpaka kwenye nyusi. Nikaimba polepole, ili nisimwamshe.